Jumamosi Niliyokwenda kwa Baba Yako Mdogo

Mwanangu Poni,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nasikia katika nyumba ulikoolewa hakuna mwingine anayekisoma. Niko kibandani kwangu katika soko la Konyo Konyo hapa Juba, vitenge vimening'inia, wateja leo ni wachache.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwalimu mkuu alitupa stoo ya madawati mabovu. Tulikuwa wanawake watatu: mimi, Mama Gladys fundi cherehani, na nesi Rose. Tuliifagia siku mbili. Kila Ijumaa baada ya masomo kila mmoja wetu alikaa na wasichana wake watano. Tulijiita walezi, tukiamini kwamba msichana akiwa na mtu mzima wa kumsikiliza, atamaliza shule. Wewe ulinitazama ukasema, "Anti, wewe unauza nguo. Utatufunza nini?"

"Kukataa bei ya kwanza," nikakujibu.

Ulicheka hadi ukashika tumbo. Kuanzia siku hiyo ulikuwa wangu.

Kanuni yetu ilikuwa moja, na ni mimi niliyeitamka: neno la msichana halitoki humu bila ruhusa yake.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Ulisubiri wenzako waondoke.

"Anti, mimi iko na neno. Baba mdogo amepata mtu wa kunioa."

Nilisimama. Ukanivuta mkono nikae.

"Usiende kwake. Hajui kama mimi najua. Wiki tatu tu, nifanye mtihani, halafu mama mkubwa atakuja kunichukua, twende kwake Arua, Uganda. Tumeshapanga."

Ulikuwa umepanga vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Nilisema sawa. Jumamosi asubuhi nikavaa nguo za kanisani, nikapanda boda mpaka kwake, mtaa wa Sherikat.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikwenda. Nilijiambia ni kwa ajili yako. Lakini njiani, Poni, nilikuwa najiona tayari nikiwasimulia kina Rose jinsi nilivyomgeuza mzee moyo. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Baba yako mdogo alinipa kiti, akanipa chai. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilimtajia mtihani, nikamtaja mama yako mkubwa atakayekuja kukuchukua, nikamwomba akuache umalize. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mama. Umenifumbua macho."

Nilirudi nikiimba. Jumatatu nafasi yako ilikuwa tupu. Walikuchukua Jumapili, watu wakiwa bado kanisani, wakakupeleka kwa mume, upande wa Bor. Mama yako mkubwa alifika siku aliyokuahidi, akakuta mlango umefungwa.

Mara ya mwisho nilipokuona, ni Rose aliyenipigia simu kutoka wodi ya wazazi hapa Juba, walikokuleta ujifungue. Mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuja na uji. Ulikuwa umekonda, midomo imepasuka.

"Ningekaa kimya, Anti, ningekuwa Arua."

Hukupaza sauti. Ukageukia ukutani, na kesho yake wakakurudisha kule. Uji nilirudi nao nyumbani.

Stooni wasichana walikuwa wamesikia yaliyokupata. Ijumaa baada ya Ijumaa walikuja, wakakaa, wakazungumzia nywele na mvua. Mwishowe nikasimama mbele yao nikasema mimi ndiye niliyemwambia baba yako mdogo. Mwenzako Achol alichukua mkoba wake akatoka, wawili wakamfuata. Sikuwazuia. Siku hiyohiyo nikamwachia Rose kundi langu. Sasa mimi nafagia, nachemsha chai, na wakianza kuzungumza natoka nje.

Sikuombi msamaha, maana ningekuwa nakubebesha mzigo mwingine. Nakupa habari tu: mwalimu mkuu amekubali kuandikisha wasichana walioolewa, na jina lako amesema atalipokea wakati wowote. Mama yako mkubwa bado yuko Arua, bado anakutaka.

Kama unapanga jambo, mwanangu, mwambie Rose. Usiniambie mimi. Nami sitamuuliza.

Uwe salama huko,
Aliyekuwa mlezi wako