Stendi ya Drili na Kiwiko Chako

Karakana, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka Mlingoti,

Habari za huko? Wifi hajambo? Na kile kikohozi cha kitindamimba wako kimemtoka? Mama anasema ukijibu uanze na hilo, mengine yanaweza kungoja. Sisi huku wazima. Baba mgongo unamsumbua asubuhi, lakini akishaoga na kunywa chai ananyooka. Mimi sijambo, ila nina malengelenge mkononi, na nitakueleza yametoka wapi.

Unaikumbuka drili yetu ya mezani. Tangu uondoke ilikuwa bado juu ya lile pipa la mafuta, ikicheza kama jino la mtoto. Majuzi nilikuwa natoboa kipande cha chuma, pipa likayumba, biti ya kutobolea ikakatika na kipande chake kikapita karibu na sikio la Baba. Alizima umeme, akakiokota. Kisha akaniambia nitengeneze stendi.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Vyombo vya karakana Baba alikuwa hamwachii mtu kuvitengeneza. Nikachagua mbao ngumu zilizobaki kwenye kazi ya milango, nikazipiga randa mwenyewe. Nikachora miguu mizito na kabati fupi katikati. Droo ya juu ni nyembamba, ya biti, kila moja na tundu lake kwa kufuata unene. Ya chini ina kina, ya jiliwa na vibanio. Chini yake nikaweka rafu ya vyuma vizito, ili kitu kizima kisitikisike.

Ila unaijua desturi ya nyumba hii. Meza ya kazi haipimwi kwa futi, inapimwa kwa kiwiko cha atakayeitumia. Nikaenda kwa Baba nikiwa nimeshakunja mkono kabisa.

"Pima kwa ile alama ya kaka yako, pale mlangoni," akasema.

Ni ile alama ya kiwiko chako aliyoichora kwa penseli siku unaondoka. Kaka, ningekudanganya nikisema sikuumia. Miaka yote hii anayefungua karakana asubuhi ni mimi, anayefagia maranda ni mimi, wateja wananiita fundi, na Baba bado anamtengea drili mtu ambaye hajasema anarudi lini. Nilinuna, na Mama huwa anasema nikinuna hata paka anahama jikoni. Lakini neno la Baba ni neno la Baba. Nikapima kwenye alama yako, nikakata, nikaunga, nikapaka vanishi.

Ikatoka nzuri, acha nijisifu kidogo. Droo zinateleza bila kelele na kiputo cha pimamaji kinatulia katikati. Fundi cherehani wa jirani alikuja kuiona, akaniuliza kama namtengenezea twiga. Maana kuifikia drili ilibidi nipande juu ya kreti la soda. Nikafanya kazi hivyohivyo, mabega juu, navuta mpini kwa kuning'inia, na ndiyo hayo malengelenge. Sikulalamika. Baba alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake, huku anajifanya anapiga msasa.

Alhamisi nilitoka kupeleka viti kwa mteja. Kurudi, nakuta drili imeshushwa sakafuni, stendi imelazwa ubavu, fundi cherehani anafuta jasho, na Baba amepiga magoti na mgongo wake huohuo, penseli sikioni. Nilidhani ameona kosa katika kazi yangu.

"Simama wima," akaniambia. "Kunja mkono."

Akapima kiwiko changu, taratibu, kama alivyokuwa akikupima wewe. Akachora mstari kwenye kila mguu wa stendi, kisha akanipa msumeno.

"Kata mwenyewe. Ni yako."

Nilikata huku machozi yananidondokea kwenye mbao, naye akajifanya haoni. Sasa nasimama miguu chini kama watu wengine, na drili inausikia mkono wangu.

Sikuandikii haya ili ujisikie vibaya. Nilitaka uyasikie kwangu kabla fundi cherehani hajakupigia simu na chumvi zake.

Shangazi anakusalimu sana, anauliza kama bado unakoroma. Mama anamsalimu wifi na kuwabusu watoto. Baba anasema salamu zake unazijua.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo moja. Jana nilifungua ile droo ya chini kutafuta kibanio, nikakuta vile vipande vya miguu nilivyokata, vyote vinne, vimepigwa msasa na kufungwa pamoja kwa uzi. Nikavichukua nimpelekee Mama jikoni awashie moto. Baba akanizuia mlangoni.

"Virudishe," akasema. "Hivyo ni vya kaka yako, siku akirudi apandishie stendi."

Nimevirudisha, Kaka. Droo ile haina kufuli.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na akufungulie njia.

Dada yako akupendaye,
Kifupi