Siku Congo na Zambia Walipotoka Sare

Kasulo, Jumatano. Mvua tangu asubuhi, na mi sina machozi tena.

Naandika kabla sijaanza kujidanganya.

Jumapili alasiri bwana yangu, Kabongo, alikuwa ndani ya shimo letu la madini, tulilolichimba katika chumba tulimokuwa tunalala zamani. Mdogo wake Mutombo alikaa juu, kwenye lile gogo lenye mkono la kuzungushia kamba. Congo wanacheza na Zambia, televisheni iko kwa jirani, Zambia wako mbele bao moja. Mutombo akasema anaenda kuchungulia tu, dakika mbili.

Mi nilikuwa namenya mihogo mlangoni. Kamba ikatikisika mara tatu. Mara tatu maana yake nipandishe. Ndipo nikagundua mashine inayompelekea hewa shimoni imenyamaza, petroli imeisha.

Ule mkono wa gogo ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa.

Lakini kwetu mwanamke hagusi kamba ya shimo. Wanasema madini yatakimbia. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kuigusa. Nikakimbia kwa jirani nikipiga kelele: "Kabongo anaita! Kuyeni mumupandishe!"

"Ngojeya kidogo, mama, banapika penati!" akajibu mmoja bila kugeuka.

Congo wakafunga. Nyumba nzima ikaruka. Nilimvuta Mutombo shati, naye akanikumbatia, alidhani nashangilia.

Kabongo alikuwa amejifunga kamba kiunoni, tayari. Walimtoa akiwa bado na joto, lakini hapumui.

Jana tulizika. Kwenye kilio wamama wananisifu eti nina heshima, sikugusa kamba. Wanaume wanasema afadhali sare, angalau hatukufungwa. Mutombo hali chakula. Wote wanamtazama yeye, na hakuna anayenitazama mi.

Leo watu wote wa kilio walipoenda kanisani, niliburuta mfuko wa mawe uliobaki pale chumbani, mzito kama mtu mzima. Nikaufunga kwenye kamba, nikaushusha hadi chini, nikashika ule mkono na kuzungusha.

Mfuko ulipanda. Ulifika juu, Mungu wangu, na mi hata sikuchoka sana.

Kesho lazima Mutombo ajue. Nitaanzia wapi kumwambia?