Reli Tupu na Muuza Omena

Atieno mjukuu wangu, sasa?

Huku Laini Saba tuko salama, ila kuku wa mama yako anataga ndani ya kofia yangu ya kanisa, na wote wanasema nimwache amalize.

Unalalamika kwamba huko Lodwar ni mchanga na anga tu, hujui upige picha ya nini. Shida yangu ujanani ilikuwa kinyume. Nilitaka picha ya reli tupu na mawingu, basi. Lakini hapa kwetu ukitoa kamera, watu wanajipanga. Mmoja alikimbia kuvaa tai, mwingine akaleta redio ya jirani. Nikadanganya kwamba filamu imeisha. Wakatawanyika wote, isipokuwa msichana mmoja aliyeuza visamaki vya omena kule mbali kando ya reli.

"Dada, songa kidogo!"

"Songa wewe! Mimi niko kazi."

Nikapiga hivyo hivyo. Kwenye picha yeye ni kama punje ya mchele, lakini jicho linamwendea moja kwa moja.

Kwa hivyo usiogope mchanga wako. Tulia, utaona kitu kinachokataa kuondoka. Changu ni nyanya yako. Sasa hivi anafoka kwamba ugali unapoa, na mpaka leo hajanisamehe kumfanya punje.

Babu yako