Safu ya Tatu ya Daftari

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Kesho saa tatu asubuhi ninatakiwa kufika kwenye biro, ofisi moja hapa Kalemie, nikiwa na orodha mkononi. Kabla sijakwenda, nina neno la kukuambia. Nilipaswa kulisema wakati wa vita, au angalau mwaka ule nilipovuka ziwa kuja kukuuguza Kigoma, ulipokuwa bado unaweza kunijibu. Nilikaa siku tisa kando ya kitanda chako tukizungumza juu ya mvua na ndagaa, na sikulisema. Sasa umelala katika udongo wa Kigoma, nami ninaliandika wazi, wengine pia walisome, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Unakikumbuka chumba cha foni nyuma ya soko: redio ile ya mawasiliano juu ya meza, betri ya gari sakafuni, waya wa antena uliofungwa kati ya nguzo mbili uani, na benchi ambalo watu walikalia wakingoja zamu huku wakisikia mambo yote ya wenzao, kwa kuwa pale hapakuwa na siri. Baba na Mama walikuwa wamebaki Niemba kwenye mashamba. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi nilikuwa na kumi na sita, na shule ilikuwa imefungwa. Nyumbani ulisema haraka, maneno yakigongana. Mbele ya redio ulikuwa mtu mwingine. "Zongwe, Zongwe, hapa Kalemie. Unanipata? Kwako." Kisha ulikiachia kitufe na kusikiliza kelele ile ya mchanga kana kwamba ilikuwa na maana.

Siku moja mzee mmoja alimpigia mke wake kelele hadi Kabalo, na mama mmoja aliyekuwa benchini akamwambia, "Papa, pole pole. Hata bila mashine atakusikia." Ulicheka mpaka ukaomba radhi hewani.

Kilichonikera ni karatasi zako. Uliandika miito kwenye vipande vya mifuko ya sukari, kwenye bahasha, hata kwenye kiganja. Nikachukua daftari jipya na rula, nikachora safu nne: anayetafutwa, anayemtafuta, mahali alipo, saa ya mwito. Nilihamisha kila kipande kwa wino wa buluu, bila doa hata moja. Safu ya tatu ilikuwa wazo langu mwenyewe. Wewe uliitazama kwa muda ukauliza, "Mahali ya nini? Mimi najua wanakaa wapi."

"Na ukigonjwa? Nani atajua?"

"Sawa, Papa Sekreteri," ulisema, ukanipigia saluti.

Sasa neno lenyewe. Nilikuambia kwamba walikuja watu watatu wenye silaha, wakaninyang'anya daftari. Haikuwa hivyo. Alikuja mtu mmoja, mchana, ulipokuwa umekwenda kuchajisha betri. Hakuwa na bunduki. Alivaa shati lililopigwa pasi, na kalamu mfukoni. Alinisalimu vizuri, akaomba maji, nikampa kwenye glasi yetu ya wageni. Daftari lilikuwa wazi mezani. Alilifunua ukurasa kwa ukurasa, taratibu, kama mwalimu.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Yangu, Papa."

"Uko na mukono muzuri sana. Kwetu ku biro hatuna hata muntu moja wa kuandika hivi." Alifunga daftari. "Nitasoma kidogo. Kesho nitarudisha."

Nilimkabidhi kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mkubwa kitu. Nimelipima tendo hilo kwa miaka mingi, nikitafuta ndani yake hofu ambayo ingenitetea. Sikuipata. Sikuogopa. Nilifurahi kwamba hatimaye kuna mtu aliyeziona safu zangu.

Uliporudi nikakusimulia ule uongo. Uliuliza jambo moja tu: "Walikupiga?" Nikasema hapana. Ukaitazama meza. Glasi ya wageni ilikuwa bado pale, maji nusu. Uliichukua, ukaiosha, ukaifuta, ukairudisha mahali pake.

Juma moja baadaye ulimwita Papa Lwamba, seremala wa mitumbwi, aliyekuwa amejificha Zongwe pamoja na mke wake. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwenzako wa Zongwe alikawia kujibu, kisha sauti yake ikaja: "Kalemie, usimuite tena huyo Papa. Hakuna tena muntu wa kuita. Walifika juzi, walijua hata mulango. Kwako." Ulishika kitufe kwa muda mrefu kuliko ruhusa ya betri. Halafu ukaita jina lililofuata.

Nilikuletea daftari jipya ili nianze upya. Ukasema, "Acha. Kaye zimeisha." Lakini daftari hilo nilikuwa nimelitoa sandukuni, na wewe ulijua kwamba humo mna mengine kumi na moja. Hatukusema zaidi, siku ile wala baadaye. Ndiyo maana naamini ulijua nilikudanganya.

Tangu siku ile ulibadili namna ya kazi. Hukuandika tena mahali pa mtu yeyote, na hukuuliza. Kila asubuhi saa tatu ulisoma majina kwa vituo vyote kwa pamoja, jina na nani anaita, basi. Aliyesikia jina lake alikuja mwenyewe kwenye foni iliyo karibu naye, akajibu akitaka. Mwanamke mmoja ulimwita kila siku kwa majuma kadhaa bila jibu, nami, kwa ile akili yangu ya kuhesabu, nikakuambia tumwondoe, anatupotezea muda. Ukajibu, "Pengine anasikia. Hayuko tayari tu." Kisha siku moja akajibu, kutoka mahali ambapo hakuna kati yetu ambaye angepadhania. Nilidhani una bahati. Sikuona kwamba ulikuwa umelirekebisha kosa langu, na kwamba marekebisho yalikuwa bora kuliko kazi niliyoiharibu.

Yaya, mimi niliendelea kuchora safu. Nilikwenda Lubumbashi kujifunza kompyuta, nikarudi, nikafungua biro ndogo karibu na stesheni ya gari moshi. Tuko watu wanne. Tuliwatengenezea wavuvi na wenye maduka programu za kazi zao, na mambo yalikwenda. Kisha vita vikaanza tena upande wa kaskazini, na boti zikaanza kushusha watu bandarini, wengine wakiwa na sufuria moja na mtoto asiye wao. Nikafanya nilichokijua. Tukatengeneza mfumo wa kutafutana: mtu anajiandikisha, ndugu yake anatafuta, mashine inalinganisha majina. Aliyetafutwa tulimuuliza kwanza, na akikubali ndipo ndugu alionyeshwa alipo. Watu wengi wamepatana kwa njia hiyo. Niliwaona wakipatana mlangoni petu, na nilijivuna.

Daftari lile sikulikumbuka hata kidogo. Hilo ndilo linalonishangaza. Enzi yako, kuhifadhi kulihitaji mkono, wino, saa nzima ya kukaa. Kusahau kulikuja kwenyewe. Leo mambo yamegeuka. Simu inaandika mahali mtu aliposimama kabla hajaulizwa jina, mashine inatunza nakala, na nakala ya nakala. Kusahau ndiko kunakohitaji kazi, na hakuna aliyewahi kunisifu kwa kazi hiyo. Niliiweka safu ya tatu kwa mara ya pili kwa sababu ilijiweka yenyewe, na mimi sikuuliza, "Mahali ya nini?"

Alhamisi iliyopita alikuja mtu. Sitamtaja, wala sitataja anakotoka, maana sina hakika. Alikuwa mpole. Alisifu biro yetu, akasifu usafi wa mfumo, akasema nchi inahitaji vijana wa namna yetu, ingawa mimi si kijana. Mfukoni mwake, mahali pa kalamu, palikuwa na kiflashi kidogo cheusi cha kubebea mafaili. Alikiweka mezani akakisukuma kwangu kwa kidole.

"Ni ile liste tu ya wale waliotoka kaskazini, na kwenye wanakaa. Kwa usalama wao." Akatazama kalenda yetu ukutani. "Tukupe wiki moja. Alhamisi, saa tatu, utaleta mwenyewe."

Sikumpa maji.

Jumatatu niliwakusanya wenzangu nikawaambia kwamba tutafuta kila mahali palipoandikwa, na nakala zote. Béatrice, ambaye ndiye anayeutunza mfumo na ambaye haogopi mtu, hata mimi anayeniita chef, yaani mkuu, alinitazama kama mgonjwa. "Chef, miaka mbili unatupigia kelele juu ya nakala za akiba. Mpaka niko naziota. Leo unasema tufute? Uko muzima kweli?"

Mwingine akasema tuwape orodha ya uongo. Nikamjibu kwamba kila kijiji tutakachokitaja kwa uongo kina watu wa kweli ndani yake.

"Basi tuwaambie mashine imekufa."

"Na wakija na fundi?"

Ndipo Béatrice akauliza lililo la haki kuuliza: "Na wale wenye bado kupatana, chef? Tunawaambia nini?" Niliwasimulia habari za daftari, glasi na Papa Lwamba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzisema kwa sauti mbele ya mtu. Hakuna aliyenifariji, na ninawashukuru kwa hilo. Béatrice alisema, "Ungetuambia mwanzo, tungejenga tofauti." Nimeongoza watu kwa miaka kumi na mmoja nikiamini kwamba kiongozi ni yule anayejua zaidi ya wengine. Kumbe nilichokuwa nakijua peke yangu ndicho walichokihitaji kuliko vyote.

Jumatatu hiyo na Jumanne tuliwapigia wote ambao mashine ilikuwa imewalinganisha, mmoja mmoja, tukiwaeleza nani anawatafuta. Wengi walijibu. Binti wa Mama Feza hakujibu.

Mama Feza ungempenda. Ni muuza mihogo, anatoka Nyunzu, na kila Jumanne alikuja kuketi kwenye kiti kilekile. Binti yake alijiandikisha mahali fulani. Hilo mashine ilituonyesha. Tulikuwa tumemwomba ruhusa mara tatu, naye akanyamaza. Jana nilimweleza mama kwamba kesho yake tutafuta.

"Yuko ndani ya hii?" Alikigusa kioo cha kompyuta.

"Yuko, Mama. Lakini sijafungua ukurasa wake. Hajaturuhusu."

"Fungua basi, Papa. Ni kidole kimoja tu."

Nikamwambia siwezi. Hakulia. Alisema, polepole, kila neno peke yake, kama ulivyosema wewe kwenye foni: "Unaweza kujua mutoto wangu eko wapi, na unakataa kujua." Kisha akachukua beseni lake akaondoka. Sina la kumpinga. Alichosema ni sahihi, na bado sikufungua. Iwapo nilitenda haki, sijui. Najua tu kwamba mtu wa kwanza niliyemfungulia ukurasa aliomba kwa upole zaidi kuliko yeye.

Leo mchana tumefuta. Béatrice alibonyeza, mimi nikasoma kwa sauti kinachofutika, nasi sote tukatia saini. Mahali hapapo tena, namba za simu hazipo, nakala hazipo. Nimekagua mara tatu, unanijua.

Kilichobaki ni foni yako. Tumeweka namba moja ya simu. Yeyote anaipiga, kwa simu yoyote hata ya kitochi, anasikia majina yanayoitwa siku ile na nani anaita. Mwenye jina, akitaka, anaacha sauti yake, na aliyemwita akipiga anaisikia, kisha inafutika. Hatuandiki alikopigia. Béatrice ndiye aliyesoma majina ya kwanza. Nilimwomba aseme "Kwako" mwishoni mwa kila jina. Akaniuliza maana yake, nikamweleza, akakubali.

Hii ndiyo sababu ya kuiacha barua hii wazi. Nakala yake imebandikwa mlangoni petu, ili wale waliotuamini kwa majina yao wajue nilichowafanyia, kizuri na kibaya, na ili mtu yeyote anayefikiria kuvunja droo za Béatrice, alimozoea kuweka nakala, ajue mapema kwamba hamna kitu.

Sina hakika nitarudi saa ngapi kesho. Nimewaachia wenzangu funguo, na nimewaambia wafungue bila kunisubiri. Nina hofu, Yaya. Safari hii ninayo kweli, na ninaipokea kama kitu nilichochelewa kukipa heshima yake. Nitarudisha kiflashi kile mezani kama kilivyokuja, kitupu. Saa ileile, kwenye ile namba, jina la binti wa Mama Feza litakuwa likiitwa, kisha kutakuwa kimya, akingojwa. Wakiniuliza alipo, nitasema sijui.

Pumzika. Glasi ya wageni ninayo mimi.

Mdogo wako,
Papa Sekreteri