Waya Umeishia Jikoni kwa Mama

Jumanne, 19 Agosti 2025 – Same

Bosi Clemence katuita wote tunaopokea simu za wateja. Kampuni inafunga dawati letu la Same mwisho wa mwezi. Wenye intaneti na simu za mezani, wa majumbani, wa maduka, wa gesti – wote watahudumiwa kutoka Arusha, na sisi tunahamia huko. Ila – hapo nikaacha kutafuna – mwenye waya wa kampuni nyumbani kwake anaweza kupokea simu akiwa nyumbani. Jumatatu tarehe mosi, saa mbili asubuhi, atapiga mwenyewe, akijifanya mteja. Ikipokelewa vizuri, unabaki. La sivyo, fungasha.

Kwangu ni Suji, kwa mama. Waya wetu umefika nguzo ya zahanati tangu Juni, na zahanati ukiita kutoka kwetu wanaitika. Sitaki Arusha. Mama yuko peke yake tangu baba atutoke, na kushuka mlima kuja kuishi mjini amekataa katakata. Kwa hiyo sitaki, basi.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeongea na Kaleb, fundi wetu. Atapanda Ijumaa ijayo. Umbali kaupima kwenye ramani ya simu, mstari mmoja ulionyooka, akaongeza kidogo cha tahadhari. Waya huu unatoka kiwandani na vichwa vyake viwili, huwezi kuunga tu kama kamba ya mbuzi. Kuchimba mtaro ni kazi ya mteja. Mteja ni mimi. Mimi na jembe tuliachana darasa la saba.

Nikampigia mama. Kasema niache presha, ataongea na Mzee Sifael. Huyu ndiye msimamizi wa mifereji yetu. Ndiye anayefungua na kufunga maji ya ndiva, bwawa letu la juu, na akipuliza pembe ya msaragambo hakuna anayebaki kitandani, kazi ya wote ni ya wote. Nikasisitiza: mtaro kutoka nguzo ya zahanati hadi dirishani kwetu. Mama akasema yeye si kiziwi.

Jumatano, 27 Agosti

Msaragambo umefanyika! Mama kapiga nikiwa na mteja sikioni, mwenye gesti anayelalamika intaneti inakwenda kama kobe. Nikamwambia azime kisha awashe, nikamgeukia mama. Watu walijaa. Makande yamekwisha, sufuria imekombwa. Mtaro tayari, na Mzee Sifael kautembea mwanzo mwisho akasema hajawahi kusimamia mtaro mzuri hivi. Roho yangu kwatu.

Ijumaa, 29 Agosti – Suji

Nimepanda na Kaleb kwa pikipiki, waya nyuma. Tumefika kwenye mtaro, Kaleb kavua kofia. Mtaro una maji.

Maji! Yanatembea taratibu kama bibi harusi. Yamezunguka mwamba wa kwa mama Yudith, yamepita nyuma ya migomba, yamerudi, yamepinda tena, ndipo yakateremka kwetu. Nikamwamkia Mzee Sifael. Marahaba mwanangu, anang'aa uso mzima. Nikauliza maji ni ya nini. Kanishangaa. Mtaro usipojaribiwa kwa maji, utajuaje kama umechimbwa sawa?

Hapo nikaelewa. Huku kwetu mtu akishika jembe kuchimba, mikono inajua mfereji tu. Kaleb kaeleza kwa adabu kwamba huu ni wa waya, ungenyooka tu moja kwa moja. Mzee akamjibu kuwa chochote kikinyooshwa mlimani kinakwenda mbio, na kikienda mbio kinabomoa. Hiyo intaneti yenu si kila siku mnalia inakatika? Ipeni njia ya kutembea. Kaleb akavaa kofia yake. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakumbuka Jumatatu, nikainuka.

Maji yakafungwa. Waya ukalazwa ndani ya bomba lake, ukafuata kona zote za Mzee. Ukaisha. Umeishia jiko la nje la mama, kwenye kona ya kuni! Nyumba ile pale, unaiona, na waya haufiki. Mrefu zaidi mpaka uagizwe Moshi, wiki ijayo. Na kuchimba upya – nani atakwenda kumwambia Mzee?

Maharage ya mama shambani yamekunywa maji ya mtaro vizuri, lakini. Anasema hata intaneti isipokuja, yeye ameshafaidika.

Jumapili, 31 Agosti

Ofisi mpya ni jiko la nje. Kaleb alifunga kiboksi cha intaneti juu ya rafu ya vyungu, mbali na moto. Simu ya mezani iko juu ya debe la mahindi. Umeme tumeuvuta kwa ekstensheni kutoka sebuleni. Taa ya kijani inawaka. Nimejipigia mwenyewe kujaribu, ikalia, mama karuka na mwiko.

Nimempa masharti: kesho saa mbili hakuna kukoroga, hakuna kuimba, kuku nje. Akasema jiko ni lake, mimi Careen ni mpangaji. Tumeafikiana moto mdogo na kuku nje. Kuhusu kuimba hajajibu.

Namwogopa Clemence. Ofisini sijawahi kuona meno yake. Nikishindwa kesho, mama anabaki na redio tu ya kuongea nayo. Naumia nikifikiria.

Jumatatu, 1 Septemba

Saa mbili kasoro. Juu blauzi ya ofisi, chini kitenge. Kuku mmoja karudi. Namtoa.

–

Naandika nimesimama mlangoni, maana sina la kufanya. Simu imelia nikiwa nyuma ya migomba namfukuza kuku. Nimerudi mbio, mama ameshapokea. Ni Clemence, sauti yake naisikia. Nikanyoosha mkono nipewe. Mama kanionyesha kiganja: subiri.

Kamuuliza kwanza ameamkaje. Kisha yeye ni mtoto wa nani. Clemence kang'ang'ania kwamba ni mteja, intaneti yake haifunguki. Mama kampa pole, kauliza kama amekula. Halafu – jioni zote nikiwa likizo hapa, wateja wakinipigia kwenye simu ya mkononi, kumbe alikuwa anasikiliza – kamwambia: zima baba, ngoja kidogo, washa. Na usiikimbize. Kikienda mbio kinabomoa.

Kisha kicheko. Kikubwa, kimetoka kwenye simu hadi huku mlangoni. Clemence! Nimenyoosha tena mkono. Mama hata hanitazami. Anamuuliza mama yake anaishi wapi, na mara ya mwisho alikwenda lini kumwona. Kicheko kimekoma. Clemence anajibu polepole, maneno siyasikii. Mama amevuta kigoda, amekaa. Simu bado hajanipa.