Mafuta ya Karafuu kwenye Kidonda cha Mama

Kiganjo, Thika

Binti yangu Mourine,

Mahindi yetu yamekauka vizuri. Tangu ulipotueleza kwamba mafuta ya karafuu yaliua vijidudu katika maabara ya chuo chenu, nayapaka kwenye kidonda cha mguu wa mama yako. Dawa ya hospitali tuliiacha. Jirani yetu Ndila alisikia harufu, akachungulia akacheka: "Mwalimu, leo ni pilau?"

Juzi mama yako alisema hasikii maumivu tena, nikamshukuru Mungu. Leo vidole viwili vya mguu huo vimekuwa vyeusi, na hahisi chochote nikivifinya. Sielewi. Nakuandikia tukiwa kwenye foleni ya daktari. Ataniuliza ni nani aliyetuambia tuache dawa.

Wewe hukusema hivyo. Au ulisema?

Nangoja jibu lako,
Baba yako, Jeconia