Hisa Zangu Hazikuzaa

Jumatatu, 3 Machi 1958

Benki imekata hisa zetu. Kila moja ya shilingi mia imekuwa tano za shilingi ishirini. Nilikuwa na sita, sasa ninazo thelathini. Mohanlal, tajiri wangu hapa dukani ninapofanya kazi ya ukarani, ndiye aliyenishawishi kununua, na leo ndiye aliyenieleza, huku akipima misumari. "Ephantus, sikia. Mkate moja, kata tano. Sasa iko mkate tano? Hapana! Mkate ile ile."

Nimeelewa. Hata gawio linakatwa vivyo hivyo: zamani shilingi tano kwa hisa, sasa shilingi moja. Sijapata kitu, sijapoteza kitu. Basi kwa nini wamejisumbua? Ati watu wadogo waweze kununua, na mwenye shida aweze kuuza kidogo kidogo. Haya.

Jioni nikamwambia Baba Mdogo Mburu, kupitisha wakati tu. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Thelathini! Alicheka mpaka akakohoa. Nikamweleza habari ya mkate. Sidhani alisikia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kutoka Ruiru na hasira, hata koti sijavua.

Tulikwenda kwa kina Wamboi kumalizia mazungumzo ya mahari. Mimi ndiye mwenye kuoa, kwa hiyo mdomo wangu umefungwa. Ndiyo desturi. Baba Mdogo ndiye msemaji wangu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri! Mbuzi thelathini na watano tulishakubaliana tangu Desemba, mablanketi tulishapeleka, ilibaki kupanga siku ya harusi tu. Chai ikaja. Na Baba Mdogo, chai ikiwa bado mdomoni, akaanza kunisifu. Ati kijana huyu si wa mchezo, hisa zake za benki zilikuwa sita, juzi zimezaa, sasa ni thelathini!

Zimezaa! Nikamkanyaga mguu. Akausogeza, akaendelea.

Mzee Absalom, baba yake Wamboi, ni mtu wa kanisa, hana haraka. Akaweka kikombe chini. Akauliza zimezaa kwa muda gani. Baba Mdogo akajibu, kwa usiku mmoja. Wazee wote wakanigeukia — na mimi nimekaa kama gunia la viazi! Najua jibu, nina haki, na siruhusiwi kusema neno! Absalom akasema basi, wale mbuzi thelathini na watano walikuwa wa yule kijana wa zamani. Huyu mpya aongeze kumi na wawili.

Na msemaji wangu akasema tutafikiria. Kwa sauti ya kujivunia!

Tukatembea mpaka stesheni. Hapo nikamwuliza kama ana akili. Akasema mimi ndiye sina shukrani, yeye amenipandisha cheo mbele ya wakwe.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikuimba. Baba Mdogo aliimba kwa niaba yetu sote wawili.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwona Wamboi alipotoka zamu kule kwenye kiwanda cha mananasi. Mikono yake imechubuka kwa ile asidi, hata kinga za mikono hawawapi za kutosha. Hilo nalo linaniudhi.

Nilimweleza mkate wote, vipande vyote. Alielewa kabla sijamaliza. "Kwa hiyo wewe ni maskini yule yule," akasema, akacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akaniuliza maswali mengi, mazuri, ya mtu mwenye akili, na yote niliyajibu. Ameahidi kumweleza baba yake kesho. Mwisho wa upuuzi!

Jumamosi, 15 Machi

Afadhali ningenyamaza! Absalom ameelewa. Ameelewa kupita kiasi.

Tumeitwa tena Ruiru. Akaanza kwa kuomba radhi: binti yake amemweleza, hisa hazikuzaa, mbuzi wale kumi na wawili amewaondoa. Nikashusha pumzi. Kumbe bado! Akasema mwaka jana alipouliza juu ya hisa, sisi wenyewe tulimwambia kwamba kugawana ni vigumu, ni vipande vikubwa sita tu. Aliheshimu neno hilo, akaliacha. Sasa benki yenyewe imekata. Kwa hiyo hataki mbuzi wa kuongeza. Anataka hisa kumi na mbili katika zile thelathini.

Mbuzi amewarudisha kwa mkono wa kulia, hisa amezichukua kwa wa kushoto! Hisa nilizonunua kwa kula githeri, mahindi na maharage matupu, miaka miwili, kwa kuvaa koti moja masika na kiangazi! Nikasimama. Mbele ya wazee wote, desturi nimeitupa chini, nikasema hapana.

Baba Mdogo akaniombea msamaha. Ati kijana ana homa.

Jumapili, 16 Machi

Wamboi amekuja kwa basi la asubuhi. Peke yake, na nguo za kanisani, hapa Kamenu mbele ya majirani wote. Nikamtolea kigoda nje ya mlango, halafu nikamwaga yote niliyolala nayo: baba yako ni mlafi, baba yako anauza mtoto, baba yako amengoja benki ikate ndipo naye akate.

Aliniacha nimalize.

"Si baba," akasema. "Ni mimi nilimwambia aombe hisa. Na si zake. Ziandikwe jina langu."

Nikamwuliza za nini, na tukioana si zitakuwa zetu sote?

"Kama ni zetu sote, unaogopa nini zikiwa na jina langu?"

Nikasema siogopi. Akaniambia habari ya shamba lao la Githunguri. Mama yake amelilima miaka ishirini. Juzi wapimaji wa ardhi walipokuja, mama ndiye aliyewashikia kamba kutoka kona hadi kona, na shamba likaandikwa jina la baba. Hakuna aliyegombana. Hakuna hata aliyeuliza.

Nilikasirika! Mimi na mambo ya kamba wapi na wapi? Nikamwambia mimi si baba yake.

"Basi niambie, hizo kumi na mbili utaziandika jina langu?" akasema.

Na kabla sijajibu nikajikuta nahesabu. Thelathini, toa kumi na mbili. Kwa vidole! Karani mzima! Nilipoinua macho, alikuwa anavitazama vidole vyangu.

Nimeingia ndani, nimesema nachemsha chai. Nimekaa kitandani na daftari hili. Nilitaka kuandika sababu za kukataa, nizisome nikiwa nimetulia, kisha nitoke nimwambie. Hisa zangu. Jasho langu. Jina langu. Hapo nikakwama. Maji hata sijabandika.

Amebisha mlango. Anauliza, kwa upole kabisa, kama basi la saa nane la kumrudisha kwao Ruiru bado lipo siku ya Jumapili.